Wimbo Ulioandikwa Kwenye Risiti ya Dobi

(Hii ni hotuba niliyoitoa Nakuru mbele ya watunzi chipukizi, wapiga gitaa na wapenzi wa muziki wa kantri. Naiweka yote kwa ajili ya waliotaka kuja wakashindwa. Nyimbo tulizosikiliza pamoja siku ile hazimo, zitafuteni.)

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wenzangu mlioketi safu ya mbele, akina mama, na ninyi vijana mliokuja na magitaa mgongoni, hamjambo?

Nimealikwa niwazungumzie safari ya kazi ya mwimbaji mmoja wa kantri aliyefanikiwa, nikaachiwa hiari ya kumchagua. Wapo walionishauri nimchukue Jim Reeves, kwa kuwa katika Bonde la Ufa hakuna nyumba ya watu wa rika langu ambamo sauti yake haikuwahi kusikika Jumapili jioni. Wapo waliomtaka Kenny Rogers. Nimewasikia wote, lakini nimemchagua Dolly Parton, na sababu yangu ni moja: kuliko hao wengine wawili, yeye ndiye aliyeishi kwa kalamu.

Niwaulize. Ni nani hapa ambaye hajawahi kuusikia wimbo wa "I Will Always Love You"? Sioni mkono hata mmoja. Ni wangapi mlikuwa mkiamini kwamba wimbo huo ni wa Whitney Houston? Naona mikono, tena mingi, na mingine ni ya watu wenye mvi kama mimi. Na ni wangapi mmeusikia ukipigwa harusini, bibi harusi akiingia ukumbini polepole, mashangazi wakipangusa machozi? Basi leo mtashangaa, maana wimbo ule haukuandikiwa mchumba wala mume. Uliandikiwa mwajiri. Ni barua ya kuacha kazi. Tutaufikia.

Watu wanamjua Dolly kwa nywele zake za bandia, kwa mavazi yanayomeremeta, kwa sauti yake nyembamba inayopanda kama moshi wa asubuhi. Mwenyewe hujitania kuhusu hayo kabla hujamtania wewe. Mimi sikuja kuzungumzia nywele. Nimekuja kuzungumzia kalamu yake na karatasi zake, kwa maana ya karatasi alizoandikia nyimbo na karatasi alizokataa kutia sahihi. Ukiziondoa hizo mbili, unabaki na mwimbaji mzuri kama waimbaji wazuri wengi waliosahaulika.

Tuanze nyumbani kwao. Alizaliwa tarehe 19 Januari 1946 katika kaunti ya Sevier, jimbo la Tennessee, miguuni pa milima ya Great Smoky, akiwa mtoto wa 4 kati ya watoto 12. Baba yake, Robert Lee Parton, alilima mashamba ya watu kwa kugawana mavuno kabla ya kupata kishamba chake mwenyewe cha tumbaku. Daktari aliyemzalisha mama, Robert F. Thomas, alilipwa mfuko wa unga wa mahindi, kwa kuwa pesa taslimu hazikuwapo. Mnacheka, lakini nyuso za wazee wa Molo na Olenguruone hazicheki, kwa sababu wanaijua vyema nyumba ambayo daktari hulipwa kwa kilicho ghalani.

Nyumba hiyo haikuwa na umeme, lakini ilikuwa na nyimbo. Mama yake, Avie Lee, aliimba tenzi za kale ambazo wahamiaji walizivusha bahari kutoka Uingereza, tenzi ndefu za mauaji, usaliti na watoto waliozikwa. Babu yake mzaa mama alikuwa mhubiri wa Kipentekoste, kwa hiyo kanisani napo watu waliimba kwa mwili mzima. Gitaa lake la kwanza Dolly alijitengenezea kutokana na mandolini mbovu. Mjomba wake, Bill Owens, ndiye aliyempa gitaa la kweli alipokuwa na umri wa miaka kama 8. Alipofika miaka 10 alikuwa tayari anaimba redioni na kwenye televisheni mjini Knoxville, katika kipindi cha mfanyabiashara mmoja aitwaye Cas Walker. Mwaka 1959, akiwa na miaka 13, alisimama kwenye jukwaa la Grand Ole Opry, ambalo kwa watu wa kantri ni kama madhabahu, na aliyemkaribisha jukwaani alikuwa Johnny Cash.

Hapa kuna kijana ataniambia, "Mwalimu, basi njia yake ilikuwa imekwisha kufunguka." Hapana. Baada ya usiku ule alirudi nyumbani, akarudi darasani, na miaka 5 ikapita. Siku ya kuhitimu sekondari, mwaka 1964, wanafunzi waliulizwa mmoja mmoja wana mipango gani. Dolly alisema anakwenda Nashville, mji wa muziki wa kantri, kuwa nyota, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Asubuhi yake alipanda basi. Aliondoka kwa haraka kiasi kwamba alifika mji mgeni na sanduku la nguo chafu, na siku hiyohiyo akazipeleka kwenye nyumba ya kufulia kwa mashine, na hapo nje akakutana na kijana aitwaye Carl Dean. Walioana mwaka 1966 na wakaishi pamoja mpaka Carl alipofariki Machi 2025. Bwana huyo maisha yake yote alizikimbia kamera, kwa hiyo nasi tumwache apumzike.

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo watunzi wengi chipukizi mnapopotea. Kampuni ya kwanza ya rekodi iliyomchukua Nashville haikutaka aimbe kantri. Wakubwa wake waliona sauti yake haifai. Walimsukuma aimbe nyimbo za vijana za kuchangamsha, na hazikwenda popote. Ni kitu gani kilichoufungua mlango? Si sauti. Ni wimbo alioutunga pamoja na mjomba wake Bill, "Put It Off Until Tomorrow", ambao mwaka 1966 uliimbwa na mwanamume aitwaye Bill Phillips ukaingia katika 10 bora za kantri. Katika rekodi ile Dolly aliitikia kwa nyuma bila jina lake kutajwa. Watu wakaanza kuuliza: huyo msichana anayeitikia ni nani? Ndipo kampuni iliporuhusu aimbe alichozaliwa nacho. Kalamu ilitangulia kuingia ndani, sauti ikafuata nyuma yake. Narudia, maana huko nyuma kuna wanaozungumza: kalamu ilitangulia.

Haki itendeke, niseme pia kwamba wimbo wa kwanza uliomtambulisha yeye kama mwimbaji, mwaka 1967, uliandikwa na mtu mwingine. Na mwaka huohuo akaajiriwa na Porter Wagoner, mwanamume mrefu mwenye suti zilizotariziwa vito vya kung'aa, aliyekuwa na kipindi maarufu cha televisheni na msafara wa maonyesho ya barabarani. Dolly alichukua nafasi ya mwimbaji aliyependwa sana, Norma Jean, na mwanzoni watazamaji walikuwa wakimwita Norma Jean huku Dolly amesimama pale mbele yao. Hebu jiweke hapo. Una miaka 21, umevaa nguo yako nzuri kuliko zote, unafungua mdomo uimbe, na ukumbi unalitaja jina la mwenzako.

Ni katika basi la msafara huo, mwaka 1969, ndipo ulipotungwa wimbo ambao mimi nauona kuwa bora kuliko zote alizowahi kuandika. Mnaujua: "Coat of Many Colors". Maneno yalimjia njiani, naye hakuwa na karatasi. Porter alikuwa ametoa suti zake kwa dobi, na kila suti ilirudi na risiti. Dolly akachukua risiti, akaigeuza, akaandika nyuma yake. Wimbo ulipokuja kupendwa, Porter aliichukua risiti ile akaitia katika fremu.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Mama yake aliletewa mabaki ya vitambaa, akayaunga kimoja baada ya kingine kuwa koti, na alipokuwa akishona akamsimulia mtoto habari za Yusufu na vazi lake la rangi nyingi. Mtoto akaenda shuleni akijiona amevaa vazi la kifalme, na wenzake wakamcheka.

Mimi niliusikia wimbo huo kwa mara ya kwanza katika redio ya betri ya marehemu baba, iliyokuwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli ili mgongo wake usidondoke. Kiingereza changu kilikuwa kidogo, lakini mama yangu, ambaye hakukijua hata kidogo, alimwuliza baba yule mama anaimba nini. Baba akamfasiria: anaimba habari za mtoto aliyevaa viraka. Mama akaacha kumenya viazi. Aliniangalia miguuni, kwenye kaptura yangu ya shule iliyokuwa na viraka viwili vya khaki vya rangi tofauti nyuma, viraka alivyovishona mwenyewe, kisha akarudi kwenye viazi vyake bila kusema neno. Wanangu, hebu fikirini umbali uliopo kati ya Tennessee na Molo, na kati ya mwanamke yule na mama yangu. Mtunzi aliuvukaje umbali huo? Hakuandika juu ya "umaskini". Hakuandika juu ya "upendo wa mama". Aliandika juu ya koti. Alitaja matambara, akataja sindano, akataja kicheko cha darasani, akanyamaza. Kila siku mnaniletea nyimbo zenye maneno makubwa: maisha, dunia, mapenzi, machungu. Leteni koti. Leteni kaptura.

Ndivyo alivyofanya pia katika "Jolene", uliotoka mwaka 1973. Alipoolewa, kulikuwa na mwanamke mwenye nywele nyekundu aliyefanya kazi benki, aliyekuwa akimchekea mumewe kupita kiasi, na mume naye akawa haishi kwenda benki ilhali nyumbani pesa zenyewe hazikuwapo. Jina lilitoka kwingine: msichana mdogo alimjia baada ya onyesho akitaka sahihi, Dolly akamwuliza jina lake, na akalipenda kiasi cha kulirudiarudia ili asilisahau. Mkiusikiliza, ndivyo kiitikio kilivyo: jina linaloitwa tena na tena. Sisi wenye taarabu na mashairi ya mafumbo tungemrushia yule mke-mwenza mtarajiwa vijembe mpaka alie. Dolly alifanya kinyume: alimsihi. Nilipokuwa kijana niliona huo ni udhaifu. Siku hizi naona kwamba ndio ujasiri mkubwa uliomo katika wimbo ule, kwa sababu ni rahisi kutukana kuliko kukiri hadharani kwamba mwenzako anakushinda.

Naam. Sasa tufike kwenye ile barua ya kuacha kazi.

Dolly alikuwa amemwambia Porter Wagoner tangu mwanzo kwamba atakaa naye miaka 5. Ikapita 5, ikawa inakwenda 7. Nyimbo zake mwenyewe zilikuwa zinavuma, lakini katika kipindi alibaki msichana wa Porter. Kila alipogusia kuondoka, wakagombana. Na Porter hakuwa mtu mbaya, hilo msilichukue kutoka hapa. Alimlea, alimpigania, alimfundisha kazi ya jukwaa. Ndiyo maana ilikuwa vigumu. Kumwacha mtu mbaya, ni nani hawezi? Kazi ni kumwacha aliyekufaa.

Alipoona maneno ya mdomo yanageuka ugomvi kila mara, alikwenda nyumbani akaketi, akaandika wimbo. Asubuhi akaenda ofisini kwa Porter, akamwomba aketi, akamwimbia. Aliimba kwamba akibaki atakuwa kizuizi, kwamba anaondoka, na kwamba upendo haujaisha. Porter akalia. Akamwambia huo ni wimbo mzuri kuliko wote aliowahi kuusikia, na kwamba anaweza kwenda, mradi yeye Porter ndiye asimamie kuurekodi. Ulirekodiwa Juni 1973, ukatolewa mwaka 1974, ukashika nafasi ya kwanza katika chati za kantri.

Je, mambo yaliishia hapo kwa amani? Hayakuishia. Mwaka 1979 Porter alimshtaki mahakamani akidai dola milioni 3, na shauri likamalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama. Wimbo mzuri haufuti mkataba, na machozi si risiti. Lakini walipatana baadaye, na Porter alipokuwa anakaribia kufa mwaka 2007, Dolly alikuwa kando ya kitanda chake.

Nimesema jambo la mkataba. Tukae hapo kidogo, kwa sababu kati ya yote niliyokuja kuyasema, hili ndilo lililonitoa nyumbani.

Mali ya muziki ni mbili, wala si moja. Kuna wimbo wenyewe, yaani maneno na mahadhi, na kuna rekodi ya wimbo huo. Mimi nikiutunga, wewe ukauimba, rekodi ni ya wewe au kampuni yako, lakini wimbo ni wangu. Mtu mwingine akiurekodi baada ya miaka 20, anakuja kwangu. Redio ikiupiga, kuna mirabaha yangu, yaani malipo ya kutumiwa kwa wimbo. Na mirabaha hiyo ya wimbo hugawanywa fungu la mtunzi na fungu la mchapishaji, yaani kampuni inayoumiliki wimbo na kuusimamia. Dolly na mjomba wake walifungua kampuni yao ya uchapishaji mapema, katika miaka ya 1960, akiwa msichana tu wa miaka ishirini, wakaiita Owe-Par, kipande cha Owens na kipande cha Parton. Kwa hiyo mafungu yote mawili yalirudi nyumbani.

Katikati ya miaka ya 1970 ikaja simu. Elvis Presley anataka kuurekodi "I Will Always Love You". Mnamjua Elvis, hata sisi hapa Kenya tuna Elvis wetu wa kantri, Sir Elvis, mnamwona alivyoubeba ukoo wa jina hilo. Dolly akafurahi, akawaeleza watu, akaalikwa aje studio. Kisha, siku chache hazijapita, meneja wa Elvis, Colonel Tom Parker, akamwambia kuna jambo dogo la utaratibu: Elvis harekodi wimbo mpaka upande wake upate nusu ya haki za uchapishaji.

Mngefanya nini? Semeni kweli. Ni Elvis. Ukikataa, utaonekana mwendawazimu. Ukikubali, nusu ya wimbo wako mkubwa kuliko zote haiwi yako tena, si kwa rekodi ya Elvis peke yake, bali kwa kila rekodi itakayofuata.

Dolly alikataa. Alisema wimbo huo ni urithi wa jamaa zake, hawezi kuugawa. Kisha akaenda nyumbani akalia usiku kucha. Kulia kwake nakutaja kwa makusudi, kwa sababu tukisimulia habari za mashujaa huwa tunayafuta machozi, na kijana akija kulia kwa uamuzi wake mwema anadhani amekosea.

Mimi sikukataa. Mwaka 1987 nilikwenda Nairobi na wimbo wangu, nikaurekodi katika studio moja ambayo sitaitaja, na bwana mmoja akaniwekea karatasi juu ya boneti ya gari. Ilikuwa karatasi ya kaboni, nakala ya pili haikusomeka. Nilipewa shilingi 600, nikanunua viatu, na nauli ya kurudi Molo nikakopa. Miezi minne baadaye nilipanda matatu, nikausikia wimbo wangu, na kondakta akanidai nauli. Mnacheka! Nami nilicheka, siku nyingine. Nawaambia haya si kwa kumlaumu yule bwana. Hakunidanganya, maana sikumwuliza kitu. Na tazameni "Malaika", wimbo ambao Miriam Makeba ameuimba, Boney M wameuimba, kila hoteli ya pwani inaupigia watalii, na mpaka leo watu wanabishana ni nani hasa aliyeutunga. Ubishi huo unaanzia wapi? Unaanzia kwenye karatasi.

Turudi kwa Dolly. Mwaka 1982 aliurekodi upya wimbo ule kwa ajili ya filamu, ukarudi nafasi ya kwanza katika chati za kantri, wimbo uleule, mwimbaji yuleyule. Kisha mwaka 1992 Whitney Houston akauimba katika filamu ya "The Bodyguard". Dolly alikuwa akiendesha gari aliposikia redioni sauti ikianza peke yake, bila chombo, na mwanzoni hakutambua kwamba ni wimbo wake; ulipofika kiitikio ikabidi aegeshe gari kando, asije akapata ajali. Rekodi ya Whitney ilikaa nafasi ya kwanza Marekani wiki 14. Na mtunzi alikuwa nani? Na mchapishaji? Sehemu ya pesa hizo Dolly alinunulia jengo la maduka na ofisi katika mtaa wa watu weusi mjini Nashville, na baadaye akasema alilinunua akiona kwamba ndipo penye watu wa Whitney. Mwaka 2024 Beyoncé akaja na "Jolene" yake, kabadilisha maneno, kaongeza ukali; mtunzi wa awali akapokea tena mirabaha.

Wapo watakaosema kwamba Dolly aliikimbia kantri. Maneno hayo yalianza mwaka 1977, aliporekodi wimbo mlaini wa watunzi wengine ukauza zaidi ya nakala milioni moja. Yeye akajibu kwamba haiachi kantri, anakwenda nayo. Mimi, kwa maoni yangu, baadhi ya albamu zake za miaka ile ya themanini sizisikilizi mara mbili. Zina ala nyingi na koti dogo. Lakini ndani ya kipindi hicho kuna "9 to 5", na wimbo huo nausimamia.

Mwigizaji Jane Fonda alikuwa anatengeneza filamu ya akina mama makarani wanaoonewa ofisini, akichukua jina kutoka chama cha kweli cha wafanyakazi wanawake kilichoanzia Boston mwaka 1973. Akamtaka Dolly aigize. Dolly hakuwa amewahi kuigiza filamu. Alikubali kwa sharti kwamba wimbo wa filamu auandike yeye. Alihifadhi kichwani maandishi yote, yake na ya wenzake, akidhani filamu hupigwa kama igizo la shule, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Basi, wakati wa kungoja taa zipangwe, akagundua kwamba akizisugua kucha zake ndefu za bandia, zinatoa mlio kama wa taipureta. Jaribuni, wenye kucha. Akaanza kuutunga wimbo juu ya mlio huo, na kucha hizo zimo katika rekodi kama chombo cha muziki. Mapema mwaka 1981 wimbo huo ulikuwa wa kwanza katika chati kuu ya Marekani. Wangapi hapa mmeniambia hamwezi kutunga mpaka mpate kompyuta nzuri?

Muda unanipungia mkono, na mwenyekiti naye pia. Mengine nitayapita mbio: duwiti yake na Kenny Rogers ya mwaka 1983, ambayo wala si yeye aliyeitunga, bustani ya burudani ya Dollywood, iliyofunguliwa mwaka 1986 katika kaunti aliyozaliwa, ikawaajiri watu wa kwao, kuingizwa katika Jumba la Heshima la Kantri mwaka 1999 na la watunzi mwaka 2001, dola milioni 1 alizotoa mwaka 2020 kwa utafiti wa korona katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Hayo mtayasoma wenyewe.

Lakini baba yake siwezi kumpita mbio. Lee Parton hakujua kusoma wala kuandika. Dolly amesema mara nyingi kwamba baba alikuwa mtu mwerevu sana, na kwamba kutojua kusoma kulimwumiza moyoni. Kwa sababu ya baba huyo, mwaka 1995 alianzisha mpango wa kuwapelekea watoto wa kaunti ya Sevier kitabu kimoja kila mwezi kwa njia ya posta, bure, tangu wanapozaliwa hadi wanapofikisha miaka 5. Leo mpango huo uko katika nchi 5, na vitabu vilivyotolewa vimepita milioni 200. Baba aliishi miaka michache ya mwanzo wake, akawasikia watoto wakimwita binti yake "yule mama wa vitabu", na inasemekana hilo lilimfurahisha kuliko nyimbo zote.

Mwaka 1987 mji wa Sevierville uliweka mbele ya mahakama ya kaunti sanamu ya shaba ya Dolly, ameketi juu ya mwamba, miguu mitupu, gitaa mkononi. Baba alimtania kwamba kwa mashabiki wake huenda akawa mtu mkubwa, lakini kwa njiwa wa mjini ni choo kingine tu. Akamwachia hapo. Baba alipokwisha kufariki, ndipo mmoja wa ndugu zake Dolly alipomwambia jambo ambalo hakuwa akilijua: kwamba usiku, watu wakiisha kulala, mzee alikuwa akitia ndoo ya maji ya sabuni na ufagio nyuma ya gari lake la mizigo, akaendesha hadi mjini, akaisugua ile sanamu mpaka ikatakata.

Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa nileteeni hizo nyimbo, na kila mmoja aje na karatasi yake.